Kikapu cha Bi Mwaija

Nyumbani kwa Bi Mwaija, Ngombezi, kitu cha kuchezea hakiingii kwenye kikapu kabla hakijapimwa kwa kikombe cha kahawa. Kikombe chenyewe ni kidogo, cheupe, hakina mkono, kina ua la bluu lililofutika nusu. Kitu kikitumbukia ndani ya kikombe, basi kinaweza kumkaba mtoto koo, na Bi Mwaija anakirudisha kwa aliyekileta. Kisipotumbukia anakinusa, anakiuma kwa jino la pembeni, kisha anakiangusha sakafuni mara mbili. Kikivunjika, hakikuwa cha watoto. Nilimwona akifanya hivyo nikiwa na miaka minne. Sasa nina arobaini na tatu, na kikombe ni kilekile.

Siku hizo alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, ametoka kuacha kazi kiwandani, chumba cha brashi, mahali katani kavu inapochanwa kabla ya kufungwa marobota. Mashine zilikuwa zimemharibu sikio la kushoto. Mama yangu alikuwa mwanikaji wa katani. Trekta la shamba lilipopiga honi alfajiri, alinifunga kanga, akavuka uwanja wa kambi ya wafanyakazi, akaniacha kwenye kibaraza cha Bi Mwaija nikiwa bado na usingizi. Wanawake wengine wakafuata mfano wake. Bi Mwaija hakuwahi kuzaa, na kambini walimnong'ona kwa hilo miaka mingi. Lakini kibaraza kilivyozidi kujaa watoto, mnong'ono ukakosa pa kukaa.

Vitu vyetu vya kuchezea vilitoka shambani. Mlingoti wa mkonge, ule unaochomoza katikati mmea ukishazeeka, ukikauka unakuwa mwepesi ajabu. Unaukata kwa kisu cha jikoni. Bi Mwaija alituchongea malori na mabehewa, magurudumu yakiwa ni kandambili zilizokatika. Mabaki ya katani aliyafunga kichwa kwa uzi, akaacha nywele ndefu mgongoni, akatupa tusuke. Sisi wasichana wa kambi ile tulijua kusuka twende kilioni kabla hatujajua kufunga vifungo vya mashati yetu. Mwanasesere wangu wa katani nilimlaza kando ya kichwa changu mpaka nilipoanza darasa la pili. Hata leo, katani ikinyeshewa, ile harufu yake ya uchachu inanirudisha kibarazani kabla sijajua ninawaza nini.

Mwaka huu, mwezi wa tano, alinipigia simu. Mimi nafundisha darasa la awali huko Handeni, na si kawaida yake kupiga. Huwa anasubiri nipige mimi, ili aseme nimemsahau.

"Mwanangu Hajira, hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Walikuwa kumi na mmoja. Sasa ni saba."

Nilijua anasema watoto. Kimefunguliwa kituo kipya cha kulelea watoto barabarani, akanieleza, kina ukuta uliochorwa wanyama, televisheni, na midoli inayoimba yenyewe. Wazazi wanne wamekwishahamisha. Mama Sufiani naye anasuasua.

"Wakiondoka hawa nitakaa na nani?" aliuliza. Hakuuliza kama mtu anayelalamika. Aliuliza kama anavyouliza chumvi iko wapi.

Mimi nilisomea elimu ya awali chuoni, miaka miwili. Nilifundishwa, na nikaandika kwenye mtihani, kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kushika, kubuni na kuigiza, si kwa kubonyeza. Nililijua hilo vizuri. Shule zilipofungwa mwezi wa sita nilikwenda Korogwe, nikaingia duka la vitu vya watoto karibu na stendi, nikanunua katoni nzima ya vitu vya betri.

Bi Mwaija alinipokea kwa mikono miwili. Alivipanga mkekani: simu ya plastiki inayoimba, gari la polisi lenye taa, na ubao wa namba unaotamka kwa Kiingereza ukiugusa. Akaleta kikombe. Hakuna kilichoingia. Akanusa, akauma, akaangusha. Gari likalia king'ora kwa hasira, naye akaruka.

"Huyu kaumia?"

"Ndivyo linavyolia, mama."

Akaigeuza simu, akaona kifuniko mgongoni. "Humu mna nini?"

"Betri."

"Zitoe."

Nilizitoa kwa ncha ya kisu. Zilikuwa zile bapa, za mviringo, ndogo kama vifungo. Bi Mwaija alizichukua moja moja, akaziachia juu ya kikombe. Zote zikatumbukia.

"Zimeingia," alisema.

Tukatazamana. Nilidhani ataifunga katoni anirudishie. Badala yake alichukua plasta ya vidonda kutoka kwenye mkoba wake, akarudisha betri mahali pake, akazungushia kifuniko plasta mara tatu.

"Wazazi ndivyo wanavyotaka. Tuvipe wiki moja," alisema. "Jumamosi nimewaita waje waone."

Sikuwahi kumwona akivunja sheria ya kikombe. Hapo ndipo nilipoelewa ni kiasi gani anaogopa.

Miongoni mwa wale saba alikuwemo Naitoi, mtoto wa miaka minne, binti wa Moringe. Moringe ni Mmasai wa tambarare za Handeni, upande wa Mkata, ambaye siku hizi analinda ghala la mbao Korogwe. Naitoi alipoletwa mara ya kwanza alikuja na mawe yake kwenye kitambaa, aliyopewa na babu yake, mzee Nkoitiko: mekundu, meusi, meupe, mengine yana madoa. Ndiyo ng'ombe wake. Bi Mwaija aliyapitisha yote kwenye kikombe mbele ya baba mtu, na madogo yote yakatumbukia.

"Bibi, ndama wote umewakataa?" Moringe aliuliza.

"Ndama warudi kwa babu. Hapa wanakaa wakubwa tu."

"Na maziwa watanyonya wapi?"

"Hilo mtajua weye na baba yako."

Kisa hicho kilichekwa kambini wiki nzima. Lakini Naitoi hakucheka. Kila asubuhi aliwatoa ng'ombe wakubwa zizini, zizi lenyewe likiwa ni vijiti vya mlingoti, akawapeleka malisho chini ya kamba ya nguo, akawanywesha kwenye kifuniko cha ndoo. Jioni aliwarudisha. Sufiani, wa miaka mitano, alikuwa mchungaji wake msaidizi, na alipigwa makofi akichelewa.

Katoni ilipofunguliwa, Sufiani aliacha uchungaji siku hiyohiyo. Watoto wote walisogea kwenye simu. Wa mbele akibonyeza, wengine wanangoja, na wakichoka kungoja wanasukumana. Nilikaa nikiwatazama na nikagundua kitu kilichonisumbua: kibaraza kile kilikuwa na kelele kuliko zamani, lakini hapakuwa na mtoto aliyekuwa akisema chochote. Malori ya mlingoti yalibaki kikapuni. Naitoi peke yake aliendelea na safari yake ya kamba ya nguo, akiwasemesha ng'ombe kwa Kimasai, mara kwa mara akigeuka kuangalia kama mchungaji wake anarudi.

Jumatano nilikwenda sokoni. Niliporudi nilimkuta Bi Mwaija amekaa kitandani, amempakata Yusra, kichanga wa miezi minane, mtoto wa fundi baiskeli anayeitwa Mbwana. Sauti ya mtoto ilikuwa imekauka, anatoa pumzi tu. Kibarazani simu ilikuwa inaimba.

"Alilia humu ndani, sikumsikia," Bi Mwaija alisema. "Nilikuwa nje pale, lile dude liko upande wa sikio langu zima. Naitoi ndiye aliyekuja kunivuta kanga. Ananiambia, 'Koko, Yusra.' Koko ndiyo bibi kwao. Sijui mtoto alilia muda gani, Hajira. Sijui."

Nilitaka kumwambia nakwenda kuvitupa vyote. Nilisema, "Jumamosi si mbali, mama." Sauti yangu mwenyewe ilinichukiza.

Jumamosi walikuja wazazi watatu. Wengine walituma salamu. Alikuja Mbwana na mafuta ya mnyororo kwenye kucha. Alikuja Moringe na fimbo yake, moja kwa moja kutoka lindoni, macho mekundu. Na alikuja Munira, mama yake Sufiani, anayeuza vitambaa sokoni, mwanamke mwenye maneno ya haraka na moyo ambao si mbaya.

"Bi Mwaija, mimi sikudharau," alianza hata kabla ya kukaa. "Umenilelea huyu toka ana miezi sita. Ila mtoto wa jirani yangu anasema wan, tuu, thrii. Wangu nikimuuliza umejifunza nini leo, ananiambia moo!"

"Si anaijua sauti ya ng'ombe?" Mbwana alisema. "Kuna watu wazima mjini hawaijui."

"Wewe mgosi nyamaza, wako hata meno hana," Munira alisema, akimwita kwa neno la Kisambaa la mwanamume.

Munira akamwita mwanawe mbele ya ubao wa namba. Sufiani akagusa. Ubao ukatamka, naye akafuatisha. Alifika tano vizuri kabisa, mama yake akitabasamu. Kwenye sita, betri zikaanza kuchoka. Sauti ikavutika, ikawa nzito, na Sufiani, mtiifu, akaivuta hivyohivyo.

"Mwalimu huyo kalewa," alisema Mbwana.

Tulicheka wote, hata Munira. Lakini kicheko kilipoisha alisema kwa upole, "Hata kama. Kule wana mpya." Nikamwona Bi Mwaija akiangalia mikono yake.

Nilitaka kumsaidia. Nilitaka waone kwamba kikapu nacho kinafundisha. "Hata Naitoi anajua hesabu," nilisema, "na yeye hatumii betri. Naitoi, njoo. Tuhesabie mawe yako."

Mtoto alinitazama. Kisha akavuta kipande chake cha kanga, akawafunika ng'ombe wote.

"Usiogope. Twende pamoja." Niliinama, nikafunua pembe ya kanga, nikanyoosha kidole. "Moja. Mbili. Ta..."

Akanipiga mkono. Si kofi la utani. Akalala juu ya kanga kifudifudi, mikono ameitandaza.

"Mnaona?" alisema Munira. "Miaka minne hiyo."

Moringe alikohoa. Alikuwa anatazama ncha ya fimbo yake. "Mwalimu, samahani. Wale ni ng'ombe."

"Najua ni ng'ombe, baba Naitoi."

"Basi ng'ombe hawahesabiwi. Watu pia hawahesabiwi. Ukiwanyooshea kidole hivyo, moja, mbili, ni kama unawaitia kifo. Hajakataa kukuonyesha. Anawalinda."

Nilibaki nimeinama vilevile. Nimefundisha Handeni miaka kumi na sita. Nusu ya darasa langu hutoka maboma ya Wamasai. Kila Januari nawapangia mawe mezani na kuwaambia wahesabu, na wapo wanaokaa kimya wakinitazama. Mbele ya majina yao nimekuwa nikiandika neno moja: bado. Lilinijia jina la Lenku, mtoto mpole, niliyemwandikia bado mihula mitatu mfululizo mpaka baba yake akaja akamchukua, akasema kama shule imemshinda basi aende machungani. Nilikuwa nimempangia mawe. Meusi na meupe.

Bi Mwaija aliinua kichwa. "Moringe, na baba yako jioni anajuaje kama wametimia?"

"Anawaangalia."

"Anawaangalia tu?"

"Anawajua, bibi. Wewe ukiingia ndani kwako ukakuta sufuria moja haipo, unaanza kuhesabu?"

Bi Mwaija akageuka. "Naitoi. Mama. Waangalie ng'ombe wako. Wamelala wote?"

Mtoto alinyanyuka polepole, akanitazama kwanza mimi ahakikishe kidole changu kiko wapi. Niliificha mikono mgongoni. Akafunua kanga. Alichuchumaa, macho yakapita juu ya mawe bila haraka, kama mtu anayesalimia jamaa msibani. Yalikuwa mengi, mimi sijui mangapi, na sitajua.

"Hayupo," alisema.

"Nani?"

"Yule mwekundu wa doa shingoni. Yule ndama wake yuko kwa babu."

Tulianza kuangaza macho sakafuni. Munira alinyanyua miguu yake. Ndipo Sufiani, aliyekuwa amesimama bado mbele ya ubao wake mlevi, alipoingiza mkono mfukoni, taratibu, akatoa jiwe jekundu.

"Nilikuwa nampeleka maji," alisema.

"Toka saa ngapi?" Mbwana aliuliza.

"Toka jana jioni."

Mbwana alicheka mpaka akaegemea ukuta. Naitoi hakucheka. Alimpokea ng'ombe wake, akamfuta kwa gauni, akamrudisha zizini. Alifikiri. Kisha akachagua jiwe jingine, jeupe, la mviringo, akamwekea Sufiani kiganjani.

Moringe akasema neno kwa Kimasai, na binti yake akalirudia. "Amempa mtamba," alitueleza. "Kwetu ukipewa mtamba, wewe na aliyekupa hamuitani majina tena. Mnaitana Paashe, wote wawili."

"Paashe," Sufiani alijaribu.

"Paashe," Naitoi alijibu, akamwonyesha mlango kwa kidevu. "Maji yako nje."

Wakatoka. Bi Mwaija aliwasindikiza kwa macho, kisha akakusanya simu, gari na ubao, akavirudisha katonini, akakaa mbele ya wazazi.

"Nitasema, halafu mtaamua," alisema. "Jumatano mtoto wako alilia humu ndani, Mbwana, mpaka sauti ikakauka. Sikumsikia. Hivi vilikuwa vinaimba. Sikio langu mnalijua, moja tu ndilo linalofanya kazi, na hilo nililiweka kwa ajili ya watoto. Hivi vitu vinalichukua. Tena nilivipima, betri zikaingia kwenye kikombe, nikaviacha hivyohivyo kwa sababu niliogopa mtaondoka. Kosa ni langu. Sitavirudisha. Kikapu kilichopo ni hicho mnachokiona. Anayebaki, karibu. Anayekwenda, sina kinyongo naye."

Mbwana alikuwa anakwangua mafuta kwenye kucha. Nilimwona Bi Mwaija akimsubiri, mgongo umenyooka, na nilijua kwamba Mbwana akimchukua Yusra, hata Moringe atafikiri mara mbili.

"Mgosi, sema," Moringe alimwambia.

"Kwetu pia hulia," Mbwana alisema hatimaye. "Juzi alilia mimi nikiwa hapohapo na redio yangu, mama yake akatoka bafuni na sabuni usoni." Akanyanyuka. "Atabaki. Ila mama yake usimwambie habari ya Jumatano. Nitamwambia mwenyewe, polepole."

Munira alimshika Bi Mwaija mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa na machozi, na sidhani yalikuwa ya uongo. Alisema amependa alichokiona, amependa sana, lakini mwakani Sufiani anaingia shule, na wenzake watakuwa wanajua Kiingereza. Jumatatu alimpeleka kituo kipya. Sufiani aliondoka na mtamba wake mfukoni.

Katoni nilirudi nayo Handeni. Iko juu ya kabati, betri nimezitoa. Shule zilipofunguliwa nilitoa daftari za miaka iliyopita, nikapita majina yote niliyoyaandikia bado. Sikujua cha kufanya nayo. Nilikaa nayo mpaka kengele. Siku hizi naweka mawe mezani, nafunika kitambaa, natoa moja, nafunua, nauliza nani hayupo. Watoto wa maboma wananijibu kabla sijamaliza swali. Wenzao wa mjini ndio wanaokuna vichwa.

Nilimpigia Bi Mwaija mwezi wa tisa. Nilisalimia, akaniambia nimemsahau, nikaomba radhi. Kisha nikauliza lile lililonifanya nipige, lile ambalo nililiogopa tangu Juni.

"Wamebaki wangapi, mama?"

Nilidhani simu imekatika. Halafu nikaelewa kwamba amegeuka, anaangalia kibarazani.

"Yupo Naitoi," alisema. "Yupo Yusra, juzi kasimama kwa kushika kikapu, kakimwaga chote. Wapo wale ndugu wawili wa laini ya pili ya nyumba za kambi. Yupo mjukuu wa mpika chai, mwenye pua inayochuruzika. Kuna mgeni kaletwa kutoka Makuyuni, mama yake kapata kibarua huku, bado analia asubuhi. Nimemkatia lori. Sufiani hayupo."

"Pole, mama."

"Huletwa Jumamosi. Anasema anakuja kunywesha."

Nilitaka kumuuliza kama mlingoti bado unapatikana, sasa wanavyofyeka mashamba ya zamani, na kama lile lori alilikata kwa kisu kile cha mpini mweusi. Lakini alinikatiza.

"Ngoja, mwanangu. Kuna mtoto ananiita."

Mimi nilikuwa nimeibana simu sikioni, na masikio yangu yote mawili ni mazima. Sikusikia kitu; yeye, kwa lake moja, alikuwa amesikia.